Kufuli Hewani

Jumatatu, 4 Machi
Leo Mtangazaji wetu kanichekesha. Kabandika ufunguo wake wa ujumbe wa siri mtandaoni, kila mtu auone! Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akanieleza taratibu, bila kunidharau: huo wa hadharani ni wa kufungia tu, kama kufuli lililo wazi. Yeyote anaweza kufunga ujumbe nao akamtumia. Wa kufungulia anabaki nao mwenyewe. Miaka yote hii niko kwenye mitambo ya redio, na sikulijua hili. Dada huyu ana kichwa.

Jumatano, 6 Machi
Kumbe kisa ni ghala la dawa. Mfanyakazi wa huko ana picha: dawa zilizoisha muda zinabandikwa tarehe mpya. Atazituma zikiwa zimefungwa. Mabosi wake wakimjua, kwisha habari yake.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Umezuka ukurasa mwingine mtandaoni — jina la Mtangazaji, picha yake, ufunguo si wake. Atakayeutumia anamfungulia tapeli mlango. Nilidhani atalia. Akaomba chai. Halafu akasema: "Jina wameiba, picha wameiba. Sauti je?"

Jumamosi, 9 Machi
Baada ya habari kasoma hewani alama ya ufunguo wake, ile safu fupi inayoutofautisha na funguo nyingine, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kama anasoma bei za sokoni. Mwenye nakala ya ufunguo alinganishe. Meneja kanuna, eti wasikilizaji watahama. Mimi nikampandishia sauti.

Jumatatu, 11 Machi
Wamehama wapi! Mke wangu anaikariri ile alama akiosha vyombo. Kinyozi kaniuliza kama herufi ya tatu ni B au D. Nampenda huyu dada — kikazi, mama watoto asije akasoma hapa.

Jumanne, 12 Machi
Niko studio. Mtandao umekatika tangu asubuhi, barua pepe hazifunguki. Simu imeingia, namba ya kuazima. Ni yule wa ghala! Picha kazituma jana. Ufunguo aliunakili wiki iliyopita, hakumbuki ukurasa upi. Redio hakuisikia, alikuwa zamu.

Chai ya Mtangazaji imepoa, hajaigusa. Katandaza mezani karatasi yenye alama yake; herufi moja ikipishana, picha ziko kwa tapeli. "Nisomee alama uliyonayo, kaka. Polepole."

Anasoma. Kidole cha Mtangazaji kinamfuata kwenye karatasi. Mkono wa pili umeng'ang'ania ukingo wa meza — sijawahi kumwona hivi. Nusu ya kwanza ni sawa. Kidole bado kinasogea —