Usimtoe Hakimu kwa Sababu ya Zulia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi mdogo wako, mwanamume ambaye tangu uondoke mtaa huu haupati usingizi mpaka usikie mlio wa funguo zangu nikifunga geti. Watu ndio wanaosema, sisemi mimi. Juzi mwenye duka la kona alinishika mkono mbele za wateja akasema kwamba tangu nianze kulinda nyumba yako hata mbwa wa barabarani wamekuwa na adabu. Nilimwambia asinisifu sana, mimi si mtu wa makuu.

Hujambo lakini? Mpwa wangu na kichanga chake wanaendeleaje? Natumaini mtoto ananyonya vizuri, na mama yake ameanza kutembea bila kushika ukuta. Na wewe mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama kumwogesha mjukuu? Mimi ni mzima wa afya, nashukuru, ila chakula nakiangalia nacho kinaniangalia, kisha kila mmoja anashika njia yake. Sababu ya hayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Dada, simu yenu mnaiweka spika. Nikikohoa tu huku, mkweo anauliza huko nimekohoa nini. Yapo maneno mtu hawezi kuyatoa mbele ya sebule nzima. Kwa hiyo nimempa barua hii fundi bomba, anakuja huko kuunganisha maji kwenye nyumba mpya, nikamwapisha aitie mkononi mwako wewe, si mwa mwingine yeyote.

Unakumbuka niliyokwambia wiki iliyopita kuhusu paka wako Hakimu. Nilikwambia amezeeka, hawezi tena kujizuia, amekojoa kwenye zulia la sebuleni, na si mara moja. Nikasikia mtoto analia nyuma yako. Kisha ukasema kwa ile sauti yako ya kuchoka: "Basi mpe mwenye mashine ya kusaga, anasumbuliwa na panya. Mtoto atatambaa kwenye zulia hilo, siwezi." Nikajibu sawa. Dada, hiyo sawa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo. Namjua Hakimu. Marehemu shemeji ndiye aliyemleta mfukoni mwa koti, akampa jina hilo kwa jinsi anavyomkazia mtu macho mpaka mtu akiri hata asilolitenda. Shemeji alipolala kitandani miezi ile ya mwisho, paka huyu ndiye aliyekaa miguuni pake. Na mwenye mashine ya kusaga ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini pale kinuni kuna kelele na vumbi, na paka wake wa mwanzo alikanyagwa na mkokoteni. Jumamosi asubuhi anakuja na kapu lake.

Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, maana nisipoyapanga kuanzia mwanzo utadhani nimekaa tu.

Siku ya kwanza niliona doa karibu na mguu wa kochi, upande wa dirisha, limelowa, na harufu inakupiga kofi kabla hujavua viatu. Sikutetereka. Mimi ndiye niliyezima moto wa lori la mafuta kwa koti, na koti hilohilo nikaenda nalo harusini, mkojo wa paka ni kitu gani? Nikachemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikachukua brashi ya kusugulia sakafu, nikasugua mpaka bega likalia. Doa lilikuwa kama sahani ya chai. Nilipomaliza lilikuwa kama sinia. Povu likagoma kutoka, zulia likakauka likawa gumu kama mkate wa jana, na harufu ikawa imepashwa moto, basi.

Siku ya pili yake Hakimu akarudia palepale. Nikaona hapa panataka ukali. Nikatafuta ile dawa kali ya kusafishia vyoo, yenye amonia, inayotoa machozi, nikaimwaga nikafungua madirisha. Nilijisifu mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kunisifu. Jioni paka akaja, akanusa, akazunguka, akachuchumaa palepale kama aliyeandikiwa barua ya mwaliko.

Ndipo nikaingiwa na hofu, Dada. Nilianza kupiga magoti kila asubuhi nikinusa zulia kipande kwa kipande. Ikafika mahali sijui kama nanusa zulia au nanusa pua yangu. Nikiwa dukani, nanusa mkono wa shati. Mwenye duka la kona akanifungia mkate wangu na kuusukuma mezani kwa ncha ya kidole, nikawaza ameshasikia harufu, atawaambia watu, mtakuja na mtoto mkute nyumba inanuka na mimi ndiye mlinzi. Picha hiyo ilikuwa haiondoki: mtoto kalala kwa tumbo juu ya zulia, na wewe umesimama mlangoni umeziba pua kwa kanga.

Nikaenda kwa yule mama anayeuza sabuni na dawa za usafi karibu na kituo cha mafuta, wanamwita Mama Sabuni. Rafu zake zimejaa chupa hadi darini: za kupuliza, za povu, za unga unaonyunyiza halafu unazoa, za manukato ya maua. Nilimwambia anipe iliyo kali kuliko zote. Akacheka akasema mjomba, hapa hatupigani. Akaanza kunihoji kama daktari. Zulia ni la sufu au la nyuzi za plastiki? Nikamwambia ni la hali ya juu. Doa ni bichi au limekauka? Nikamwambia ni la kati. Nimeshaweka nini? Nikamwambia sijaweka kitu, nimeliheshimu tu. Akanitazama mikono, ilikuwa imechubuka kwa ile dawa ya choo, akasema haya.

Akanifafanulia kwamba manukato yanafunika tu, yakiisha harufu inarudi. Maji ya moto yanaupika mkojo ndani ya nyuzi. Kusugua kunausukuma chini kwenye mgongo wa zulia. Na amonia ndiyo usiseme, kwa pua ya paka inanuka kama mkojo wa paka mwingine, kwa hiyo naye anakuja kuweka sahihi yake. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za wajinga wa mtaa wa pili. Akanichagulia chupa ya dawa yenye vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo, kwa jinsi nilivyomwelewa, havina fujo, vinaingia taratibu mpaka chini vinauvunjavunja mkojo kidogo kidogo mpaka hakuna kilichobaki cha kunuka, ila vinataka unyevu na muda, ukiviharakisha vinakufa. Akaniambia nijaribu kwanza pembeni pasipoonekana, nisije nikaondoa rangi. Tena akaniazima mashine ya kuoshea mazulia, ile inayomwaga maji kwa mbele na kuyafyonza hapohapo.

Halafu, Dada, akaniuliza jambo nililokuwa naliogopa. Aliuliza paka anajisaidia wapi siku zote. Nikamwambia ana mchanga wake nje, nyuma ya jiko, hajawahi kukosea maisha yake yote. Akauliza: "Na huyo paka, mlango wa jikoni anafunguliwa na nani?" Nikatoa simu nikajifanya nimepigiwa. Nikaongea na simu iliyozimwa mpaka nikatoka dukani, mashine nimeikumbatia.

Nyumbani sikutaka kusoma maelezo. Unajua niliacha shule darasa la sita, walimu waliishiwa na ya kunifundisha. Mashine ina matangi mawili madogo, moja la maji safi, moja la maji machafu. Sabuni nikaitia kwenye la maji machafu. Nilipowasha ikatapika povu mpaka miguu ya meza ikapotea, Hakimu akaruka juu ya kabati akakaa pale akinisikiliza kesi yangu. Nikaizima, nikaosha matangi, nikaanza upya kwa heshima. Kwanza nikapitisha maji baridi matupu, kutoa sabuni yangu ya mwanzo. Maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nikapitisha tena na tena mpaka yakatoka meupe. Nikagandamiza kwa mataulo makavu, nikisimama juu yake kwa miguu yote miwili. Ndipo nikamimina ile dawa, si ya kunyunyiza kama maji ya baraka, bali ya kulowesha mpaka chini, upana kuzidi doa, nikafunika kwa shuka lenye unyevu nikaiacha mpaka kesho yake. Baadaye nikafyonza, nikainua pembe ya zulia juu ya stuli, nikaelekeza feni chini yake.

Dada, lilitakata. Nililala kifudifudi nikanusa kwa pumzi yote, nikapata harufu ya zulia tu. Nilitaka kumwita mtu aje anuse. Nikajipikia wali, nikala sahani nzima, na usiku ule nililala.

Asubuhi Hakimu alikuwa kwenye pembe nyingine. Karibu na televisheni, mahali ambapo hajawahi kufika na hakuna dawa yoyote niliyomwaga. Hakukimbia. Alichuchumaa akanitazama machoni mpaka alipomaliza, akaenda kwenye mlango wa jikoni, akakwaruza, akalia, akakaa chini.

Nikaiosha pembe ile nayo, kwa utaratibu uleule, na imetoka. Zulia lako lote ni safi, hilo ondoa wasiwasi, mtoto anaweza hata kulilamba. Lakini nilipokuwa nafyonza nilielewa kwamba naweza kuosha zulia hilo mpaka liwe uzi mmoja, na paka atatafuta pembe nyingine, kwa sababu hana pa kwenda.

Jana nilikwenda kinuni kumwambia mwenye mashine asije. Nikamweleza kwamba paka amepona. Akaniuliza uzee unaponaje. Akasema yeye ameongea na wewe kwa simu, ameshamtengenezea paka mahali pa kulala, na neno la mwenye nyumba atalifuta mwenye nyumba. Kwangu hapokei. Kwa hiyo Dada, usipompigia kabla ya Jumamosi, Hakimu anaondoka, na mimi ndiye niliyemsingizia.

Hakimu hajazeeka. Anajizuia vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Anajizuia mpaka anatetemeka. Mlango wa jikoni haujafunguliwa karibu tangu ulipoondoka, na aliyeufunga ni mimi.

Fundi cherehani wa nyumba ya nyuma amenunua bata mzinga. Dume. Alifika wewe umeshaondoka. Anapenya pale ua ulipobomoka, anakuja kusimama kwenye kizingiti cha jikoni. Asubuhi ya kwanza nilifungua nikiwa na beseni la vyombo, akajivimbisha kama mwavuli uliofunguliwa ghafla, shingo nyekundu, akatoa sauti sijui niifananishe na nini, akaja. Sikuona nilivyopanda juu ya karo la kufulia. Ndala moja alibaki nayo. Nilikaa pale juu, yeye anazunguka chini, mpaka mke wa fundi cherehani alipokuja akamfukuza kwa kumwambia shii, shii tu, akaninyooshea mkono nishuke. Mama wa watu hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Tangu hapo vyombo naoshea bafuni, na nguo naanika kwenye korido. Paka akikwaruza mlango namwambia subiri kidogo, huyo bata aondoke kwanza. Lakini haondoki, Dada. Nikichungulia dirishani yupo, ananichungulia na yeye.

Leo, kabla sijaandika barua hii, nilisukuma komeo kwa mpini wa ufagio nikiwa nimesimama juu ya kiti, mlango ukafunguka. Hakimu akatoka. Alipita mbele ya yule ndege bila hata kugeuza shingo, na ndege akampisha. Akaenda kwenye mchanga wake, akachimba, akatulia muda mrefu mpaka mimi mwenyewe nikasikia nafuu, akafukia vizuri kama ulivyomfundisha, akarudi. Mimi nikaurudisha mlango kwa ufagio.

Kwa hiyo nakuomba, mpigie mwenye mashine ya kusaga. Mwambie paka ni mzima. Ukitaka kumwambia sababu mwambie, ila mwombe isivuke pale kinuni. Na spika izime.

Msalimie sana mpwa wangu, mwambie mjomba wake anamwombea nguvu. Mkweo naye msalimie, mwambie nyumba iko salama. Mjukuu mbusu paji la uso kwa niaba yangu. Hakimu anawasalimu, amelala juu ya zulia, pakavu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
mlinzi wa nyumba yako, upande wa mlango wa mbele.