Jua la Mwaka Jana

Mama Salim mpenzi,

Huku Mutsamudu mama yako mzima, mimi mzima, karafuu zake ndizo zilizolowa.

Kuna jambo nilikuficha. Tangu kisiwa hiki kijitenge na serikali, vipimo vya hali ya hewa vya huku havitufikii tena Moroni. Mkubwa wangu redioni aliniambia, "Wewe soma tu." Basi utabiri wa huku nikawa nausoma kwenye daftari la mwaka jana. Pwani ya kaskazini, jua, upepo kidogo. Kila asubuhi.

Juzi mama akaniuliza mbele ya majirani kesho kutakuwaje. Nikajibu kwa mazoea, "Jua." Jana akaanika karafuu zote. Saa tano mvua ikamwagika. Tulipokuwa tunakimbia na majamvi, jirani yake Bi Echati alisimama mlangoni anacheka: "Mkweo katuletea jua gani hili?"

Mama akamjibu, "Mkwe wangu hakosei. Hilo wingu halisikilizi redio."

Tulipoingia ndani nikashindwa, nikamwambia yote. Yeye anakung'uta jamvi tu.

"Najua siku nyingi," akasema. "Nilikuwa naanika hata wingu likitanda, wasije wakasema binti yangu kaolewa na mwongo."

Leo tangu asubuhi nageuza karafuu, na Bi Echati ananihesabia makosa. Nikirudi nitasoma hivi: pwani ya kaskazini, hatujui. Ukisikia nimefukuzwa kazi, sababu ndiyo hiyo.

Nibusie watoto. Mama anakuombea dua, na mimi ananiombea zaidi.

Mumeo,
Baba Salim