Mstari Ninaouruka

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, paka kazaa tena juu ya godoro lako, na mimi nimeshainuka kwenye kiti hiki mara tatu.

Pale kliniki wagonjwa wote wamo kwenye faili moja la kompyuta, kila mtu na mstari wake. Kila Ijumaa kiprogramu nilichokiandika mwenyewe huipitia mistari yote, mmoja mmoja. Asiyekuja kuchukua dawa mwaka mzima hufutwa, na nafasi yake hupewa mwingine. Wanaongoja ni wengi.

Wewe ulitimiza mwaka bila kuja miezi miwili iliyopita. Nikaongeza amri moja: ukiikuta namba hii, iruke.

Leo mkuu wangu kaiona. "Huyu ni nani hata arukwe?"

Nikamjibu kwamba nilikosea, nitaitoa.

Mama namwambia unachukua dawa huko huko. Yeye hunijibu, "Haya," akitazama pembeni.

Kaka, ukaidi si dawa. Leo ni Jumatatu. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Alhamisi, na nimemwambia akuwekee kiti.

Mdogo wako,
ambaye bado hajatulia kitini.