Simu Isiyo na Vitufe

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila kitambi changu siku hizi hunitangulia mlangoni.

Wiki nzima nimebishana na kaka wa wifi yako, ninayetengeneza naye simu kibandani. Anashikilia kwamba simu ya kugusa kioo ilipindua biashara nzima ya simu.

"Imepindua nini?" nikamjibu. "Kamera zilikuwapo, intaneti ilikuwapo. Wameng'oa vitufe tu!"

"Shemeji, unalilia vitufe kwa sababu ndivyo unavyovijua."

Juzi akaja mteja kiziwi kama wewe, kioo chake kimepasuka. Nilipokibadilisha, aliiegemeza simu kwenye kopo la skrubu, akampigia mkewe kwa video. Wakaongea kwa mikono na kucheka mpaka machozi! Nikamwambia shemeji, "Haya, umeshinda."

Jana nilinunua simu ya kioo kama hiyo yako, kama ulivyonisihi miaka yote. Kusema kweli, sikuwa nakataa kwa ubishi tu. Niliogopa mikono yangu imesahau lugha yetu. Jumapili asubuhi nitakupigia. Nikikosea ishara, nicheke utakavyo. Miaka tisa sijakuona ukicheka.

Kaka yako, mkaidi aliyesalimu amri