Uso wa Mama Mkwe Haukuchapwa Vizuri

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako kila wiki kwa ajili ya kucheka shida za watu, sitaki kukuficha, na leo nimehamia upande wa wanaochekwa, kwa hiyo nakuomba unishike mkono, maana arusi yangu inayumba, na haiyumbi kwa sababu ya mwanamke mwingine wala pombe wala ndugu wabaya, inayumba kwa sababu ya kadibodi.

Nianzie mwanzo usije ukanihukumu bure. Mimi ni mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Pale wanaposubiri wagonjwa daktari aliweka meza ya picha za vipande, zile zinazouzwa kwenye boksi zikiwa zimekatwakatwa, unazimwaga mezani na kuunganisha kipande kwa kipande mpaka picha itokee. Aliziweka ili wagonjwa wasahau mlio wa mashine, lakini aliyesahau ni mimi, nilisahau hata kuita majina, siku moja mzee mmoja alikaa na jino linamuuma akinisaidia kutafuta mguu wa farasi, mpaka daktari akatoka mwenyewe na glavu mkononi kuuliza kama kliniki imefungwa.

Sasa Shangazi, kuunganisha ni nusu tu ya utamu, nusu nyingine ni kupima ubora. Picha nzuri ina kadibodi nene isiyopinda ukiishika, kila kipande kina umbo lake na si pacha wa mwenzake, kikifika mahali pake kinaitika kwa kamlio kadogo na hakitoki tena, na rangi haichubuki pembeni. Mbaya utaijua ukifungua tu boksi, vumbi linakupanda puani kama umefungua stoo. Tuna kundi letu kwenye simu, watu wenye ugonjwa huu huu, wao wananiita Hakimu kwa sababu natoa alama juu ya kumi na sipendelei mtu. Nane nimetoa mara chache. Kumi sijawahi.

Mchumba wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole, hana makuu. Mama yake ni mpishi wa keki, keki zake unaziona unatamani kuzipigia saluti, na alishasema mwenyewe kwamba keki ya arusi yetu ni yake, asiguse mtu. Basi wakanialika chakula cha mchana, tukala, mama akafuta meza, akaingia chumbani, akatoka na boksi lenye utepe.

"Nimesikia ndio ugonjwa wako huu," akaniambia. "Nimekutengenezea."

Kumbe alipeleka picha yake kwa watu wa stesheni, wale wa duka la karatasi na fotokopi, wakaichapa juu ya kadibodi na kuikata vipande. Ni picha yake na mwanawe wamegusanisha vichwa, lakini kwa kuwa alijipiga mwenyewe kwa simu, mkono haukufika mbali, karibu picha nzima ni uso wa mama. Tukakaa wote kuunganisha, hata baba mkwe. Mama hajui mchezo huu, Shangazi, kipande kikikataa anakipiga ngumi kama anakanda unga, kikaingia kwa hofu, jicho la mchumba wangu likakaa kwenye kidevu cha mama yake, ikabidi nilitoe kwa kibanio changu cha nyusi. Tukamaliza. Mama akakunja mikono kifuani.

"Haya, Hakimu, sema. Unaionaje? Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mimi maneno hayo niliyachukua kama yalivyo. Nikainama mpaka pua ikakaribia meza, nikapitisha kidole kwenye viungo, nikaanza.

"Tatizo la kwanza ni uso," nikasema. "Mpana mno, rangi moja, hauna pa kushika. Mashavu yamekula nusu nzima. Hapa kidevuni unaweza kuweka kitu chochote kikakaa. Na pembeni umeshaanza kuchubuka. Mimi hii naipa tatu. Ingekuwa yangu ningeirudisha kwa waliotengeneza."

Nikainua kichwa. Kisha baba mkwe akacheka mpaka maji yakamtoka puani, akasema, "Miaka yote nimekaa na uso huu, hakuna aliyeniambia unarudishika!"

Mama akavua aproni, akaikunja vizuri pande nne, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Ule utaratibu ndio ulionitisha.

Nikasema hili nitalimaliza mwenyewe. Nikanunua matunda, nikaenda peke yangu, nikagonga, mlango ukafunguka kwa upana wa mnyororo, jicho moja likanitazama.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mkweo."

"Yule wa tatu kwa kumi?"

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Sikusema uso wako ni mbaya. Uso wako ni mzuri. Shida yake ni moja tu, haukuchapwa vizuri."

"Haukufanywaje?"

"Haukuchapwa vizuri, mama. Ungechapwa na mtu anayeijua kazi, kwa mashine ya maana, ungependeza sana."

Shangazi, naapa nilikuwa nazungumzia uchapaji. Lakini jirani alikuwa anapiga deki ngazi, akaangusha fagio la maji, na mimi nilipofika chini jengo zima lilishajua kwamba mchumba wa fundi majokofu amekuja kumchapa mama mkwe, na kwamba mashine yenyewe anayo kwenye mfuko wa matunda.

Sasa keki imesimama. Mama amesema hapasui hata yai mpaka nisimame mbele ya ukoo, picha ikiwa mezani, niseme kwa sauti, "Kumi kwa kumi." Mchumba wangu anasema, "Si useme tu? Utapungukiwa nini?" Nikamjibu, "Ile nikiipa kumi, nzuri nitaipa nini?" Akaniuliza, "Kwani unaolewa na mimi au na kadibodi?" Nikachelewa kidogo kujibu, si kwa ubaya, nilikuwa bado nafikiria lile swali langu la nzuri nitaipa nini, lakini yeye akahesabu kule kuchelewa. Tangu hapo salamu zake ni fupi.

Shangazi, niseme uongo nipate amani, au nishike ukweli nikose mume, keki na mama kwa pamoja? Nisaidie, silali.

Ni mimi,
Hakimu Aliyehukumiwa

*

Binti, marahaba.

Barua yako nimeisoma, nikaifunga, nikaifungua tena kuhakikisha kwamba kweli umeandika ulichoandika. Pole sana. Nikishamaliza kukupa pole, nipe nafasi nikugombeze.

Mama mkwe akikuuliza zawadi yake unaionaje, haulizi habari za kadibodi. Anauliza, "Je, nimekufikia?" Na lile la kusema usimpake mafuta ni heshima ya mlangoni tu, kama mgeni anayesema "msijisumbue jamani." Hebu mwache kweli bila hata maji ya kunywa uone atakavyokusema njia nzima. Wewe ni mtu mzima, unafanya kazi ya kupokea watu wenye maumivu ya meno, na kila siku unawaambia daktari hataumiza. Huo ulimi wa kliniki kwa nini hukwenda nao ukweni?

Halafu hilo neno kuchapa. Likalie. Sema rangi zimefifia, sema watu wa stesheni wameharibu kazi, sema lolote, lakini mdomo wako usipite tena karibu na uso wa mama mkwe ukiwa umebeba kitenzi hicho.

Mama naye nina neno naye, kama ananisoma. Dada yangu, wewe ni fundi. Keki iliyobonyea huwezi kumpelekea mteja kisha ukamlazimisha aisifu mbele ya ukoo wake. Sifa ya kulazimisha ni kama nguo ya kuazima, haikukai hata ukiikaza mkanda. Umemkasirikia binti kwa maneno yake, una haki. Kumfundisha uongo wiki chache kabla hajaingia nyumbani kwako, hapo umekosea.

Na wewe kijana, fundi wa majokofu, baridi iache kazini. Ulikuwa pale mezani. Ulimsikia, ulijua anazungumzia nini, ukanyamaza ukimtazama baba yako anacheka. Mwanamume aliye kati ya mama na mchumba si mtazamaji wa mpira. Ingia uwanjani.

Sasa binti, fanya hivi. Kumi usiseme. Siyo kwa heshima ya kadibodi, kadibodi haina heshima. Usiseme kwa sababu mama atajua ni uongo, na ukishamsifia uongo mmoja, kila utakachomsifia baadaye atakitilia shaka, mpaka chai yake.

Nendeni wawili, kijana atangulie mlangoni. Aseme yeye kwanza: "Mama, alikuwa anasema vipande, mimi nilijua, nikanyamaza, nisamehe." Wewe useme moja tu, na hili ni kweli tupu, nimelitoa kwenye barua yako mwenyewe: "Mama, uliposikia ugonjwa wangu huu hukunicheka. Ulinitengenezea picha, ukakaa chini ukacheza na mimi." Ukifika hapo, meza ulimi. Usiongeze habari ya rangi, usiongeze habari ya viungo. Nakujua, utataka kuongeza. Usiongeze.

Akishapoa, siku nyingine mpelekee boksi la dukani. Lisiwe na uso. Nyumba sawa, maua sawa. Paka usichukue, paka naye ana mashavu. Mkimaliza kuunganisha mwambie, "Leo anayetoa alama ni wewe." Mtu anayepima keki kwa rula anayo macho ya kazi hiyo, na akishakaa kwenye kiti chako mwenyewe ataona kwamba hakikuwekwa pale kwa ajili ya kumtukana.

*

Jibu hilo nilimtumia kwa simu kabla halijafika gazetini, kwa maana arusi haingojei zamu ya mtambo. Naye akaniletea haya:

"Shangazi, tulikwenda. Mchumba wangu alisema yote uliyompa, ingawa kwa woga alimwamkia mama mara mbili. Nami nikasema langu nikauma ulimi. Mama akasema, 'Siku ile niliunguza keki ya watu nikifikiria mashavu yangu.' Akacheka, machozi yakamtoka, akamvuta mwanawe sikio kwa kunyamaza kwake, kisha akatupa chai. Kumi hajaitaja tena. Mchumba wangu naye tukiwa ngazini akaniuliza upya lile swali lake, safari hii nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Basi nikapeleka boksi la picha ya bustani. Shangazi, mama amebadilika. Hapigi ngumi tena. Anavaa miwani, kila kipande anakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema kijani hiki ni cha uongo, kata hii ni ya mlevi, na aliyeandika vipande vimetimia kwenye boksi ana lake la kujibu. Akaipa mbili! Mimi nilikuwa nawaza tano. Nikamwingiza kwenye kundi letu, sasa watu wakinunua boksi jipya wananiuliza pembeni kama mama yupo hewani.

"Ila Shangazi, limezuka jingine. Amenunua picha kubwa ya anga tupu, bluu juu mpaka chini, ameitandaza kwenye meza ileile anayopambia keki. Arusi ni Jumamosi. Sukari ipo, mayai yapo, keki hakuna. Nikimkumbusha ananiambia, 'Ngoja nimalizie kona hii.' Na kibaya zaidi, ile kona ni ngumu kweli, juzi nilikwenda kumhimiza nikajikuta nimekaa naye mpaka chakula kikapoa. Nifanyeje?"

Binti, ugonjwa wako hukuupona, umeuambukiza. Sikiliza amri yangu ya mwisho, na haina mjadala.

Tafuteni ubao mpana. Wewe, mchumba wako na baba mkwe mshike huku na huku, muuingize chini ya hiyo anga taratibu bila kutikisa, muinyanyue, muiweke juu ya kabati. Mama atapiga kelele. Mpe mayai mikononi, kwani mtu aliyeshika mayai hawezi kugombana vizuri. Kisha tokeni jikoni mumwachie oveni yake, na wewe uwe wa kwanza kutoka, usisimame hata mlangoni kutazama juu ya kabati.

Siku yenyewe, keki ikishakatwa na mama akakugeukia mbele ya watu kukuuliza unaionaje, jaza mdomo kwanza.

Shangazi