Chewa wa Durban Ni Wangu

Shikamoo Bibi, ingawa nakuamkia nikiwa na hasira. Ile picha ya Mjomba Rashidi na chewa mkubwa, aliyoituma jana kwenye grupu la familia, ni uongo.

Mimi na Mjomba tulikodi boti yenye nahodha wa kutuongoza kwenye kina kirefu. Alituambia mapema kuwa mtu mwingine akigusa fimbo yako ya kuvulia, samaki si wako tena. Mjomba alitapika tangu wimbi la kwanza. Mimi nilivuta karibu nusu saa, viganja vikachubuka. Chewa alipotokeza tu, Mjomba akainuka akanipokonya fimbo.

“Eish, we mtoto, utatumbukia! Lete, hii kazi ya wanaume.”

Basi nahodha akampongeza yeye.

Lakini kichwa cha chewa nimekiomba, nimekifunga kwenye barafu, nakuletea huko kwako Kensington ukipike kwa nazi. Mjomba akija kujisifu, muulize chambo kilikuwa nini. Hajui. Kilikuwa ngisi, nilimtia ndoanoni mwenyewe.

Nakukumbatia kwa viganja hivi hivi vilivyochubuka. Mungu akutunze, na kadi hii ikufikie kabla ya Mjomba.

Mjukuu wako,
Zuhura