Ngamia niliyemkopesha jirani ana sumu, nimwambieje?

Mpendwa Mshauri Fosia, nikuite habaryar kama ninavyomwita mdogo wake mama, maana hili siwezi kumwambia mtu mwingine. Tuna ngamia mmoja mweupe, mpole, jua likilegea hurudi polepole ndani ya vumbi kama anayeogelea, kengele yake ya mti ikigonga, nami husimama nikimtazama mpaka nasahau chai jikoni, na huyo ndiye niliyemkopesha jirani yangu Bilan alipoachwa na mumewe, awakamulie mapacha wake maziwa, kwa sababu kwetu mwenye mnyama wa maziwa hamwachi asiye naye.

Sasa nyuma ya soko kuna kiwanja wanapovunja betri kuukuu za sola na za magari, na ngamia wetu waliupenda udongo wa pale, wakaulamba na kuulamba, nasi tukafurahi tumepata udongo wa chumvi karibu na nyumbani, tukawa tunawapeleka wenyewe, kumbe ni risasi, yale madini ya sumu, yaliyomwagika kutoka kwenye betri. Mbuzi wakaanza kupofuka na kuzunguka mahali pamoja, daktari wa mifugo akapima damu na maziwa, akasema ya wanyama wetu wote yasinywe, na yule mweupe ndiye mbaya zaidi.

Mwanangu Fathi nilimwachisha maziwa hayo siku hiyo hiyo. Bilan sijamwambia, na daktari hajui kama ngamia anakamuliwa kwa jirani. Nikimchukua wataniita bakhili, nikisema sababu watasema nimewalisha watoto sumu. Mama mkwe, anayefukiza kibuyu kwa moshi kabla ya kukamulia, anasema, "Naa, wacha maneno. Kibuyu ya moshi hakuna ugonjwa." Na kila jioni Bilan ananiambia, "Walaalo, dada yangu, Allah akupe kama umetupa sisi," nami naitikia amin, habaryar, huku povu jeupe linapanda kibuyuni na mimi naliona kama niko usingizini. Naogopa sana. Nifanye nini?

Rahmo, Balambala

Rahmo mwanangu, barua yako tamu, nusura nami niache chai yangu ipoe. Lakini wewe unaota macho wazi, na unapoota watoto wa watu wanakunywa. Kumkopesha ilikuwa heri, na hukujua, hapo sikulaumu. Nakulaumu tangu ulipomnyang'anya Fathi kikombe ukawaachia wenzake. Mficha uchi hazai, na wewe unaficha yanayowaumiza wana wa mwenzio!

Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba moshi unatia harufu nzuri tu. Risasi haitoki kwa moshi, wala kwa kuchemsha.

Leo, kabla ya kukamua, nenda kwa Bilan na mbuzi wa maziwa ambaye hajawahi kufika kile kiwanja. Wenu wote wamekatazwa, kwa hiyo omba kwa ndugu. Mwambie yote kwa mdomo wako, akilia kaa naye, akikutukana nyamaza. Kisha wapeleke Fathi na wale mapacha hospitali pamoja, damu yao ipimwe risasi. Ngamia akamuliwe, maziwa yamwagwe, mpaka daktari aseme vingine. Usimuuze Garissa, huko pia kuna watoto. Na chifu aambiwe, kiwanja kizungushiwe miiba.

Majina yenu nimeyabadilisha. Ngamia nimemwacha alivyo, kwa kusudi, Bilan akisoma atamjua. Jibu hili nakutumia leo kwa simu, gazeti lenyewe linafika Balambala Ijumaa. Wewe litangulie kwa Bilan.